Kulinda Data ya Kibinafsi Katika Maoni ya Umma Yanayotolewa kwa Lugha ya Ishara: Mwongozo kwa Maafisa na Mashirika ya Mombasa

Kaunti inapotangaza mswada au bajeti na kuwaomba wakazi maoni yao, mkazi anayeandika barua ana uwezo ambao huenda hakuwahi kuufikiria: anaweza kusema mengi bila kuonekana. Jina lake liko juu ya ukurasa na sahihi yake iko chini, na karani akitaka kuyachapisha maoni hayo huyafunika mawili hayo tu, hoja ikabaki nzima. Mkazi kiziwi anayetoa maoni kwa Lugha ya Ishara ya Kenya hana ukurasa wa namna hiyo. Hoja yake imo usoni, mikononi na katika mwili wake mzima, na yeyote anayeitazama hoja humwona mwenyewe papo hapo. Mwongozo huu ni wa maafisa wa idara za kaunti, makarani wa kamati za Bunge la Kaunti, na mashirika ya kijamii yanayokusanya maoni hapa Mombasa, kuanzia Mvita hadi Jomvu, ili wajue la kufanya kabla kamera haijawashwa, kwa maana baada ya hapo makosa mengi hayarekebishiki.

Katiba ya mwaka 2010 imeitaja lugha hii mahali kadhaa. Ibara ya 7 inaitaka Serikali kuikuza na kuendeleza matumizi yake. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Na Ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 196 nayo inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria na katika shughuli zake nyingine. Kwa hiyo video ya lugha ya ishara si kiambatisho wala hisani anayotendewa mtu, bali ni maoni kamili yenye uzito uleule wa waraka uliopigwa chapa. Papo hapo, Ibara ya 31 inamkinga kila mtu ili habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Afisa anayesema kwamba kwa kuiogopa Sheria ya Kulinda Data ni heri asipokee video kabisa anamnyima mkazi haki ya kwanza kwa kisingizio cha ile ya pili, na msimamo huo haukubaliki hata kidogo. Kazi ya afisa ni kuzitimiza zote mbili.

Kwa nini kuuficha uso hakutoshi

Jambo la kwanza ambalo fundi wa video hupendekeza ni kuutia uso ukungu. Pendekezo hilo hutokana na kudhani kwamba maana yote iko mikononi. Katika lugha ya ishara uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zikiinuliwa, sentensi huweza kuwa swali la ndiyo au la, kichwa kikitikiswa wakati mikono inaendelea, sentensi hukanushwa, midomo hutofautisha ishara mbili ambazo mikono imezifanya kwa namna moja. Mkazi anayesema kwamba hataki ushuru wa soko upandishwe, uso wake ukifutwa, anaweza kueleweka kana kwamba anautaka. Aliyeukata uso amekata maneno, na maoni yaliyobaki si ya mwenyewe tena.

Hata hivyo, tuseme uso umefichwa na maana ikanusurika. Bado mtu hajafichika. Jamii ya viziwi wa mji huu ni jamii ya watu wanaojuana. Wengi walisoma katika shule chache zilezile, wamehudhuria harusi na mazishi ya wenzao, na humtambua mtu kwa mwendo wa mikono yake, kwa kasi yake, kwa upande anaoutumia na kwa ishara alizozizoea tangu shuleni, kama vile wewe unavyoitambua sauti ya ndugu yako kwenye simu. Afisa asiyeijua lugha hii hutazama video yenye ukungu akaamini kwamba hakuna atakayemjua msemaji, ilhali watu ambao msemaji anawaogopa, kama vile mwajiri wake, shemeji yake au mwenyekiti wa chama chake, huenda ndio watakaomtambua kwanza.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba katika kazi hii ulinzi haufanyiki mwishoni kwa programu ya kuhariri video. Unafanyika mwanzoni, kwa kuamua ni nini kitakachokusanywa, nani atakiona, na kipi kitatoka nje ya ofisi.

Yaamueni haya kabla ya kutoa tangazo

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo ilianza kutumika Novemba mwaka huo, inataka data ikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, na iwe ile tu inayohitajika kwa kusudi hilo. Basi kaeni chini mjiulize kama kweli mnahitaji jina la mtoa maoni, namba yake ya kitambulisho na umri wake. Kamati inayotaka kujua wakazi wanasema nini kuhusu ada za maegesho haihitaji namba ya kitambulisho ya mtu yeyote. Huenda ikahitaji kujua kaunti ndogo anayotoka, na hilo linatosha.

Tenganisheni kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kupokea maoni na kuyazingatia ni wajibu wa umma ambao kaunti inao kisheria, na kwa kazi hiyo sheria inatoa msingi hata pasipo kutegemea ridhaa peke yake. Kuichapisha video kwenye tovuti, kwenye ukurasa wa Facebook au katika matangazo ya idara ni kusudi jingine kabisa, na linahitaji ridhaa ya mtoa maoni iliyo ya kusudi hilo peke yake. Mtu aliyekubali kusikizwa hajakubali kuonyeshwa. Kosa hili la kuunganisha makusudi mawili katika kisanduku kimoja cha kutiwa alama ndilo linalowaumiza watu zaidi, na ndilo rahisi zaidi kuepukwa.

Ichukulieni kila video kuwa data nyeti. Katika sheria hiyo, data nyeti inajumuisha hali ya afya, kabila na asili ya mtu, imani, mali, hali ya ndoa, na habari za familia hadi majina ya watoto, wazazi na wenzi wa ndoa. Mtu anayetumia lugha ya ishara mbele ya kamera huenda akawa amejulisha hali ya usikivu wake kabla hajasema lolote, na akianza kueleza jinsi kliniki ilivyomhudumia au jinsi anavyowalea wanawe, mengine huongezeka. Lakini msiandike katika rekodi kwamba mtu fulani ni kiziwi ikiwa mwenyewe hajasema. Wapo wenye kusikia waliolelewa na wazazi viziwi na wakaifanya lugha hii kuwa yao ya kwanza, na wapo waliopoteza usikivu ukubwani ambao hawajiiti viziwi.

Iwapo zoezi ni kubwa na video zitakuwa nyingi, huenda ikawalazimu kufanya tathmini ya athari kwa faragha, yaani kupima mapema ni hatari gani zoezi linaweza kuwaletea watoa maoni. Kifungu cha 31 cha sheria kinataka ripoti ya tathmini hiyo iwasilishwe siku 60 kabla ya data kuchakatwa, jambo linalomaanisha kwamba idara iliyozoea kutoa tangazo la maoni majuma mawili kabla ya kikao imeshachelewa. Ipangeni pamoja na ratiba ya mwaka ya bajeti.

Ilani na ridhaa ziwe kwa lugha ya ishara

Kifungu cha 29 kinamtaka anayekusanya data amweleze mhusika haki zake, sababu ya kukusanya, nani mwingine atakayeipata, namna itakavyolindwa, na kama ana hiari ya kuitoa au la. Mazoea ni kuyaandika haya katika karatasi ya kurasa mbili, kwa Kiingereza cha mawakili, na kumwonyesha mtu mahali pa kutia sahihi. Kwa kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya ishara, Kiingereza na Kiswahili cha maandishi ni lugha za pili alizojifunza bila kuzisikia, na sahihi iliyotiwa juu ya maneno yasiyoeleweka si ridhaa. Kifungu cha 32 kinampa anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Karatasi ya namna hiyo haitamsaidia siku ya kuulizwa.

Tengenezeni video fupi ya ilani, ikitolewa na kiziwi mwenye ufasaha, yenye manukuu ya Kiswahili chepesi. Maneno yake yanaweza kuwa haya, mkiyarekebisha kulingana na zoezi lenu:

“Sisi ni idara fulani ya Kaunti ya Mombasa. Tunakusanya maoni kuhusu mswada huu. Video yako itatazamwa na karani, mkalimani na wanakamati, na si mtu mwingine. Mkalimani ataitafsiri kwa maandishi, nawe utaonyeshwa tafsiri hiyo kabla haijatumika. Hulazimiki kutaja jina lako. Usipotaka video yako ichapishwe, maoni yako yatazingatiwa sawa na ya wengine. Tutaihifadhi hadi tarehe fulani. Unaweza kuomba kuiona, kuisahihisha au kuondoa ridhaa yako kwa kutuma video kwa namba hii. Usiporidhika, unaweza kulalamika katika Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.”

Baada ya ilani, mtoa maoni aulizwe kuhusu uchapishaji peke yake, na apewe njia nne za kuchagua: video ichapishwe kama ilivyo, maoni yasemwe upya na mtu mwingine kwa lugha ya ishara, yachapishwe kwa maandishi tu bila jina, au yasichapishwe kabisa, yabaki kwa kamati. Jibu lake lirekodiwe kwa lugha ya ishara katika faili tofauti na ile ya maoni, ili ushahidi wa ridhaa uweze kuhifadhiwa hata video yenyewe ikifutwa. Msimharakishe. Anayetaka kwenda kushauriana na mwenzake kabla ya kujibu aruhusiwe, na asiwe amezungukwa na maafisa watatu wanaotazama saa.

Mtoto hawezi kutoa ridhaa hii peke yake. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, na kazi yenyewe ifanywe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Mkienda kuchukua maoni ya wanafunzi viziwi, idhini ya mwalimu mkuu haichukui nafasi ya ile ya mzazi, na sare ya shule isionekane katika picha.

Wakati wa kurekodi

Hapa Mombasa watu wengi hujirekodia barazani au uani, kwa sababu ndani ya nyumba kuna giza na joto, na lugha ya ishara inahitaji mwanga mzuri. Basi nyuma ya msemaji hupita majirani, watoto huchungulia, na mlango wenye nambari huonekana wazi. Mtazamaji anayeujua Mji wa Kale hahitaji kuambiwa ni kichochoro gani cha Kibokoni akishaiona roshani iliyo nyuma ya msemaji. Mwelezeni mtoa maoni mapema kwamba asimame mbele ya ukuta mtupu au pazia la rangi moja isiyofanana na ngozi yake, ambalo licha ya kulinda faragha huifanya mikono isomeke vizuri. Nguo isiwe na beji, jina la kampuni wala nembo ya chama. Ikiwa kaunti inaweza kutenga chumba kimoja chenye pazia na taa katika kila kaunti ndogo, mambo haya yote humalizika kwa siku moja, na mkazi asiye na simu nzuri naye hupata pa kurekodia.

Kisha kuna sauti, ambayo husahaulika kabisa. Simu inarekodi sauti hata kama msemaji hasikii. Nyuma ya maoni ya kimya huweza kusikika mama akimwita mtoto kwa jina, majirani wakigombana kuhusu deni, au adhana inayotaja mtaa kwa anayeijua sauti ya muadhini. Msemaji hana habari kwamba vyote hivyo vimo ndani ya faili anayoituma, na watu waliosikika hawana habari kwamba wamerekodiwa. Ondoeni sauti katika kila video mara tu inapopokelewa, na mumwambie mtoa maoni kwamba mmefanya hivyo. Sauti pekee inayostahili kubaki ni ya mkalimani aliyetafsiri, na hiyo ikae katika faili lake.

Simu nyingi pia huandika ndani ya video mahali na wakati iliporekodiwa. Taarifa hizo hazionekani kwenye picha lakini anayejua husoma mara moja nyumba ya mtu iko wapi. Mshaurini mtoa maoni azime kipengele cha kuonyesha mahali kwenye kamera kabla ya kurekodi, na ofisini zifuteni taarifa hizo katika nakala ya kazi.

Mwisho, yapo majina ya watu wengine. Kiziwi anapomtaja mtu, mara nyingi hutumia jina la ishara, ambalo jamii humpa mtu kutokana na alama ya mwili wake, tabia yake au kazi yake. Mkalimani mgeni anaweza kulipita au kulitafsiri kama maelezo tu, lakini kwa wanajamii jina la ishara ni jina kamili, na pengine ndilo linalojulikana zaidi kuliko lile la kwenye kitambulisho. Mtoa maoni akimlalamikia muuguzi au mwakilishi wa wadi kwa jina la ishara, au akilitamka jina kwa herufi za vidole, huyo aliyetajwa naye ana haki zake. Mwombeni msemaji, pale inapowezekana, ataje cheo au mahali badala ya mtu. Na ikiwa amekwisha kumtaja, sehemu hiyo isitoke nje ya kamati.

Kikao cha hadhara

Katika ukumbi, kwa mfano ule wa kijamii wa Tononoka, hatari hubadilika sura. Watu wenye kusikia wakitaka kusemezana hunong’ona, na kipaza sauti hakiwanasi. Viziwi wawili wakisemezana nyuma ya ukumbi, kamera ya mbele huwanasa wote wawili kikamilifu, na kikao kikirushwa moja kwa moja mtandaoni, mazungumzo yao ya faragha huenda hewani kwa kila anayeijua lugha yao. Ni ukiukaji mkubwa wa mawasiliano ya watu, na hutokea bila yeyote kukusudia. Tengeni upande mmoja wa ukumbi ambao kamera haiufikii, uwekewe alama inayoonekana, nao uwe mahali ambapo mkalimani anaonekana vizuri. Usiwe pembeni kiasi cha kuwafanya walioketi huko waonekane wametengwa. Mpiga picha aelezwe mpaka wake kabla ya kikao kuanza. Anayetaka kuzungumza bila kurushwa hewani apewe nafasi kamera ikiwa imegeuzwa kwa mkalimani pekee, ambaye sauti yake inatosha kwa kumbukumbu za kikao.

Daftari la mahudhurio nalo liangaliwe. Huzungushwa ukumbini likiwa na majina, namba za vitambulisho, namba za simu na pengine safu ya aina ya ulemavu, na kila anayelitia sahihi huwasoma waliomtangulia. Wengine hulipiga picha. Orodha ya kulipia nauli huwa na mambo hayohayo. Karani mmoja akae nayo mezani na kumwandikisha kila mtu kwa zamu, na orodha ya nauli iwe tofauti na ya maoni, ili anayemlipa mtu asijue alisema nini.

Mkalimani

Mkalimani ndiye mtu anayeshika data nyingi kuliko wote katika kazi hii, na aghalabu ndiye asiyepewa mkataba. Apewe mkataba wa maandishi unaoeleza usiri, vifaa atakavyotumia, na lini atafuta kila alichonacho. Asitumiwe jamaa wa mtoa maoni, na kamwe asitumiwe mtoto wake anayesikia, kwa kuwa mambo ya nyumbani humlazimu mtoto kuyabeba na mzazi huyaficha yale ambayo angeyasema mbele ya mgeni. Mtoa maoni aulizwe pia kama anamkubali mkalimani aliyeletwa. Wakalimani wa Mombasa si wengi, na yule mtakayemleta huenda ndiye aliyemfasiria mtu huyo mahakamani au hospitalini. Wengine hulipenda hilo, wengine hawalitaki, na uamuzi ni wao.

Usahihi wa tafsiri ni suala la data vilevile, kwa sababu sheria inataka data iwe sahihi na anayehusika ana haki ya kuisahihisha. Tafsiri ya maandishi ikishakamilika, irudishwe kwa mtoa maoni kwa lugha ya ishara, ikiwezekana na mkalimani wa pili, naye aseme kama ndivyo alivyomaanisha. Hatua hii hurukwa kwa kisingizio cha muda. Isirukwe, maana mara nyingi wanakamati hutegemea maandishi hata kama video wameitazama, na neno lililokosewa ndilo litakaloingia katika ripoti kwa jina la mtu ambaye hakulisema.

WhatsApp na uhifadhi

Viziwi wengi huwasiliana kwa video za WhatsApp, na kuizuia njia hiyo ni kuwazuia wenyewe. Ipokeeni, lakini kwa simu ya ofisi iliyotengwa kwa kazi hiyo, si kwa simu ya afisa wala kupitia kundi. Katika simu hiyo zimeni uhifadhi wa moja kwa moja wa picha na video, zimeni pia nakala rudufu za mtandaoni, na msiiunganishe na kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Baadhi ya watu hutuma video kama hati ili vidole visififie. Wafanye hivyo, ila kumbukeni kwamba faili lililotumwa hivyo huja na taarifa zake zote za ndani. Siku hiyohiyo faili lihamishiwe katika hifadhi ya ofisi yenye nenosiri, lipewe namba badala ya jina la mtu, kisha mazungumzo yafutwe kwenye simu. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kando, mikononi mwa mtu mmoja au wawili.

Uhifadhi wa mtandaoni unahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa seva nyingi ziko nje ya nchi, na kifungu cha 49 kinaruhusu data nyeti ichakatwe nje ya Kenya pale tu mhusika ameridhia na ulinzi unaofaa umethibitishwa. Kiungo cha YouTube kisichoorodheshwa si siri. Yeyote aliye nacho anaweza kukituma kwingine. Wapo pia wanaotafuta video za lugha ya ishara kwa ajili ya kuzifundishia programu za kompyuta, na kazi yao inaweza kuwa na manufaa, lakini mkazi aliyetoa maoni kuhusu maji ya Kisauni hakutoa mikono yake kwa jambo hilo. Msiwape bila kurudi kwake na kumwomba upya.

Kuchapisha ripoti

Kwa walioomba wasionekane, njia ninayoipendekeza ni maoni kusemwa upya na kiziwi mwingine mwenye ufasaha, anayelipwa na aliyetia sahihi ya usiri, akitumia ishara za kawaida badala ya zile za kipekee za msemaji. Hivyo ripoti inabaki na lugha ya ishara ndani yake, na wasomaji viziwi hawaachiwi maandishi matupu. Sanamu za kompyuta zinazoiga mikono bado hazijaufikia uso wa binadamu kwa kiwango cha kuaminiwa na kazi hii.

Katika maandishi, angalieni maelezo mnayoyaweka pembeni ya nukuu. “Mwanamke kiziwi, fundi cherehani, wadi ya Mtongwe” hana jina, lakini majirani wote wameshamjua. Kaunti ina wadi 30, na katika nyingi watoa maoni kwa lugha ya ishara watakuwa mmoja au wawili. Andikeni “mkazi wa Likoni”, au “mkazi wa Mombasa” pale ambapo hata Likoni ni nyembamba mno.

Mtu anapobadilisha nia, na video inapovuja

Ombi la kuona, kusahihisha au kufuta likubaliwe kwa lugha ya ishara na lijibiwe kwa lugha hiyo. Ridhaa ya kuchapisha ikiondolewa, iondoeni video popote mlipoiweka na kuwaandikia mliowapa nakala. Yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo hayabatiliki, na mtu aelezwe hivyo kwa uwazi tangu mwanzo, pamoja na ukweli kwamba video iliyokwisha kupakuliwa na watu haiwezi kurudishwa yote.

Simu ikiibwa au faili likitumwa pasipostahili, na kuna hatari ya kweli kwa mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu mlipofahamu. Mkalimani au shirika linalochakata data kwa niaba yenu liwajulishe bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48. Sheria inataka mhusika naye ajulishwe kwa maandishi. Fanyeni hivyo, na mwongezee video ya ishara ili aelewe kilichotokea na afanye nini. Malalamiko yanayofika kwa Kamishna hupaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

Tarehe ya kufuta iliyotajwa katika ilani ikifika, msifute kwa kukurupuka. Maoni yaliyopokelewa na taasisi ya umma yanaweza kuwa kumbukumbu za umma chini ya Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, ambazo haziharibiwi bila idhini ya idara ya nyaraka za kitaifa. Kwa hiyo amueni mapema, pamoja na mtunza kumbukumbu wa kaunti, ni kipi kinachobaki kama kumbukumbu, ambacho kwa kawaida kitatosha kuwa tafsiri iliyothibitishwa isiyo na jina, na muiombe idara hiyo ya nyaraka idhini ya kuziondoa video zenyewe. Ikipatikana, futeni katika hifadhi ya ofisi, katika simu ya mapokezi, katika flashi, na katika kompyuta ya mkalimani, ambaye atatia sahihi kwamba amefuta. Kisha mtumieni kila mtoa maoni video fupi ya kumjulisha kwamba imefanyika, na kumweleza kamati iliamua nini kuhusu hoja yake.